Alimwekea Mama Yangu Sauti ya Punda

Wasee, tulieni niwape hii. Na asije mtu inbox kuniambia niifute, maana siifuti.

Nilimwona mama yangu mzazi kwenye simu ya mtu mwingine, na kila akifungua mdomo... punda analia.

Mimi ni Kavinya, fundi wa nguo hapa Voi. Cherehani yangu iko barazani kwa duka la leso la rafiki yangu Rayhana. Asubuhi hiyo nilikuwa napiga pindo leso za mteja, Rayhana akatoka ndani amekunja uso.

"Kavinya, simamisha hiyo cherehani. Kaa kitako."

"Si nimekaa, huoni?"

"Basi usiinuke."

Akanipa simu.

Mama yuko kwenye kigoda nje ya jikoni yetu kule Maungu, anapeta ndengu, amejifunga leso ya kijani ya chama cha Jembe. Sauti ya mwanamume inauliza: "Mama, diwani wenu wa Jembe anafanya kazi gani?"

Mama anacheka na kujibu: "Huyo? Hana kazi yoyote siku hizi. Lakini namlisha tu. Ni wetu, tutamtupa wapi?"

Punda akalia. Halafu maandishi makubwa: NIAMBIE CHAMA CHAKO NIKUAMBIE DARASA ULILOFIKIA.

Chini yake watu walikuwa wanacheka mpaka wanatoa machozi. Ndiyo maana tuko hivi. Huyu naye ana kura. Mama wa namlisha tu...

Niliirudisha mwanzo, na si kwa sababu ya punda. Ile sauti inayouliza naijua. Ndiyo sauti iliyokuwa inanitakia usiku mwema kila siku.

Ilikuwa ya Fanuel, mchumba wangu.

Fanuel ni kijana wa Chawia, amesoma, ana maneno matamu, na alikuwa anashika kampeni ya mtandaoni ya Bi Tryphena, mgombea udiwani wa chama cha Taa kwenye wadi yetu. Ukurasa wake unaitwa Macho Wazi. Anazunguka sokoni na stejini na kipaza sauti, anauliza watu wa Jembe maswali ya serikali, wakikosea anaweka punda, halafu anaandika jibu sahihi. Anasema watu wa Taa wanasoma na kufuatilia mambo, watu wa Jembe wanafuata ngoma tu. Rayhana ni Jembe damu, na kaka yake Ridha ana digrii mbili na ni Jembe vilevile, kwa hiyo yeye na Fanuel walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Lakini sikilizeni sasa hapa. Siku Fanuel aliporekodi hiyo video, mimi nilikuwepo.

Alikuja Maungu kusalimia kama mkwe mtarajiwa. Mama alimchinjia kuku. Mimi niko jikoni nasonga ugali, mlango uko wazi, namsikia Fanuel akipiga stori na mama huko nje. Akamuuliza kuhusu beberu wetu mzee, yule wa pembe moja aliyefungwa kando ya boma, kwamba huyu bado anafanya kazi gani hapa. Na mama akamjibu kwamba hana kazi yoyote siku hizi, lakini anamlisha tu, ni wetu, tutamtupa wapi.

Alikuwa anaongea juu ya mbuzi!

Fanuel akaenda akakata swali lake, akabandika lingine, akamweka diwani mahali pa beberu. Na bado alikuwa na mafuta ya yule kuku mdomoni.

Nilimpigia hapo hapo.

"Futa hiyo video."

"Kavi, tulia. Hiyo ni kazi tu. Imetembea sana, siwezi kuifuta saa hii."

"Mama alikuwa anaongea juu ya mbuzi, Fanuel."

"Nani atajua? Kwanza yeye hana simu ya mtandao. Na si ni kweli yeye ni Jembe? Leso si uliiona mwenyewe?"

Nikakata simu. Leso niliiona, ndiyo. Pindo nililipiga mimi.

Fanuel alisema mama hatajua. Wueh! Maungu iko kwa barabara kuu, malori ya Mombasa yanasimama hapo usiku na mchana. Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaoendesha kioski cha maji, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Hata jioni haijafika, turnboi mmoja, msaidizi wa dereva, akamwita kutoka juu ya lori: "Mama namlisha tu, nichotee mtungi!" Mwingine akamwekea punda kwa simu. Mama hakuelewa, mpaka mtu akamwonyesha.

Kikundi kiliitisha mkutano. Mutindi, mwenzake mama wa miaka mingi, ndiye aliyesema kwamba mwenyekiti anayechekwa na kaunti nzima hawezi kwenda ofisi ya maji kuwasemea, watu watamcheka na maji yatakauka. Mama hakubishana. Alifungua kifundo cha leso, akatoa ufunguo, akauweka juu ya mtungi, akaenda nyumbani.

Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Hakwenda kanisani Jumapili. Hakwenda kwa jirani aliyejifungua. Mwanamke ambaye nusu ya Maungu imekunywa maji kutoka mkononi mwake alikuwa anaogopa kutoka nje kwenda chooni mchana.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Kavinya, kwani nilimkosea nini huyu kijana?"

Hapo ndipo roho yangu ilipobadilika, wapendwa. Niliosha uso, nikatoka nje, nikampigia Fanuel kwa sauti laini kabisa. Nikamwambia nimewaza, siasa ni siasa, yaishe.

Uongo mtupu. Nilitaka kumwona akitafuta shimo la kuingia na alikose.

Mnajua, kwetu Wakamba mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao na wapokelewe. Unaweza kuzaa, unaweza kuzeeka na mtu, bila ntheo wewe si mke. Siku yetu ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi, nyumbani Maungu. Fanuel akaniuliza kama anaweza kumleta Bi Tryphena, asalimie wazee. Alikuwa anatafuta kura kwenye harusi yake mwenyewe! Nikasema mlete. Akauliza kama anaweza kuweka sherehe laivu kwenye Macho Wazi. Nikasema weka, mpenzi, dunia nzima ituone.

Klipu inakatwa, jamani. Laivu haina mkasi.

Nilipomweleza Rayhana, aliweka chini leso aliyokuwa anakunja. "Shoga, wewe huyu mwanamume utamchinja."

"Simchinji. Wewe niwekee tu ile sauti ya punda kwa simu yako, na ulete kile kispika cha dukani."

Kazi ngumu ilikuwa mama. Nilimwambia, Mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, Jumamosi vaa lile gauni lako la zambarau ukae mbele. Akakataa. Nikamwambia hata kama huwataki, ni wageni, na hakuna mgeni aliyewahi kufika kwako akakosa kukuona. Hilo lilimwingia. Adabu ya mama yangu ni kubwa kuliko aibu yake.

Jumamosi ikafika. Fanuel akaja na pikapu, mbuzi watatu nyuma, baba yake mdogo Mzee Mghalu, shangazi zake, wote na kofia za njano za Taa. Bi Tryphena akashuka mwisho, mama mpole mwenye miwani. Kina mama wa kioski walikuwepo kupika, hata Mutindi, ingawa hakuwa anamwangalia mama usoni. Fanuel akasimamisha simu kwenye kile kijiti chake cha kurekodia, akaanza: "Macho Wazi, leo ni mimi mwenyewe, karibuni kwa wakwe zangu Wakamba..."

Mbuzi wakafungwa kando. Kabla ya kupokelewa, wenye binti huwahoji wageni, wakikosea wanapigwa faini, watu wanacheka. Ndiyo raha ya siku hiyo. Msemaji wetu alikuwa Mjomba Muinde, kaka yake mama, Jembe tangu kuzaliwa. Maswali nilimpa mimi.

Mjomba akajikohoza. Akasema binti yetu ametuambia anaolewa kwa watu waliosoma, watu wa macho wazi, kwa hiyo sisi wa huku chini tungependa kujifunza.

"Mzee Mghalu, tusaidie. Kazi ya diwani ni gani?"

Fanuel akatabasamu. Alidhani ni heshima.

Mzee Mghalu akasimama, akashika kofia yake. "Kazi ya diwani ni kuleta maji, barabara, basari ya watoto, na kutusimamia kwa matanga."

Rayhana akabonyeza.

Punda akalia kwenye kispika mpaka kuku wakakimbia.

Jibu hilo hilo, neno kwa neno, Fanuel alikuwa amemwekea punda mbeba mizigo mmoja wa stejini Voi, akaandika chini kwamba kazi ya diwani ni kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti, na Jembe hawajui kwa sababu hawasomi. Watu waliokuwa wakitazama laivu waliikumbuka. Kamenti zikaanza kupanda.

Mjomba akamgeukia shangazi. Gavana akikosea, nani wa kumhoji? Shangazi akajibu kwa ujasiri kwamba ni Rais, kumbe ni hao hao madiwani.

Punda.

Upande wetu watu walikuwa wanajishika mbavu. Mjomba Muinde ndiye aliyecheka zaidi, mpaka Mzee Mghalu akamnyooshea bakora. "Na wewe unayecheka. Hebu jibu wewe."

Mjomba akaacha kucheka. Akanitazama mimi. Kwa haraka zangu nilimpa maswali, majibu sikumpa.

"Diwani..." akasema. "Diwani ni mtu wa... kutembelea watu. Na kuleta trekta."

Rayhana akanitazama. Mjomba wangu ndiye aliyenilipia cherehani yangu ya kwanza. Lakini ningefanyaje? Nikamwambia bonyeza.

Punda akalia, na sasa ni wa Jembe. Mjomba akakaa chini taratibu. Hiyo haikuwa kwa mpango wangu, sitawadanganya. Wa njano wakacheka, wa kijani wakacheka, halafu kicheko kikaisha na watu wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyekuwa na uhakika tena ni nani anamcheka nani.

Fanuel akainuka. Shingo imejaa mishipa.

"Kavinya, zima huo upuzi. Huyu ni baba yangu, ndiye aliyenilea. Huwezi kumchukua mzee wa watu kwake huko ukamfanya kichekesho mbele ya dunia kwa sababu ya swali moja."

Nikasogea mpaka mbele yake.

"Rudia," nikamwambia.

"Nini?"

"Rudia hayo maneno. Lakini ukiangalia simu yako."

Hapo akaelewa. Akapiga hatua kwenda kuizima, akamkuta Rayhana amesimama mbele ya kijiti, mikono kiunoni. "Taratibu, kaka. Watu wanatazama."

Basi nikasema yote. Nikaeleza jikoni nilikuwa wapi, mlango ulikuwa wazi, kuku alichinjwa, na nani aliulizwa nini. Nikaenda kando ya boma nikamfungua beberu, nikamleta mbele ya simu na ile pembe yake moja. Nikawaambia watazamaji wa Macho Wazi, huyu hapa ndiye diwani ambaye mama yangu alisema hana kazi lakini anamlisha tu. Beberu akatafuna kofia ya shangazi.

Bi Tryphena alikuwa amevua miwani. "Fanuel. Ni kweli?"

"Mheshimiwa, ile video imetuletea wafuasi wengi sana..."

"Nimekuuliza ni kweli?"

Fanuel akatazama chini.

Nilidhani nimemaliza, jamani. Nilikuwa nimeshiba. Halafu mama akasimama.

Tangu ile video sikuwa nimemsikia akiongea mbele ya watu. Alikunja mikono kwenye lile gauni la zambarau, akamwangalia Fanuel vile anavyomwangalia mtu aliyeruka foleni ya maji.

"Kijana, ungeniuliza ningekuambia. Mimi ni wa Taa."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Pampu yetu ilipokufa," mama akaendelea, akimwonyesha Bi Tryphena, "huyu mama alikuja. Hajasema bado anataka kiti. Alikaa na sisi kwa jua mpaka fundi akafika. Nikasema huyu, akiomba kitu, nitampa. Nikawaambia na wenzangu. Waulize."

Mutindi akatoka kwenye masufuria, anajifuta mikono. Akasema ni kweli. Kikundi chote cha maji kilikuwa Taa, na aliyewaingiza ni mama. Mpaka wakaona vile Taa inavyomlipa.

"Na leso, Mwaitu?" Hiyo ni mimi nauliza. Nilishindwa kujizuia.

"Leso ni leso, Kavinya. Walikuwa wanagawa, nikachukua. Haichuji. Ulitaka niitupe?"

Mniambie. Mtoto wa tumbo lake, nimepiga pindo ile leso kwa mikono yangu, na sikuwahi kumuuliza. Nilimwona na kijani nikamweka Jembe, nikafunga. Mimi na Fanuel tulisoma leso moja kwa macho yale yale.

Bi Tryphena alisimama akaenda mpaka kwa mama, akamshika mikono miwili. Alimwomba msamaha bila maneno mengi, akasema alimwachia kijana simu na hakuwa anaangalia anachotuma kwa jina lake, na hilo ni kosa lake yeye. Kisha akageuka. "Fanuel, kofia hiyo iache hapa. Na usiingie tena ofisini kwangu."

Laivu! Watu wamejaa! Akavua kofia, hajui aiweke wapi, akaiweka juu ya kiti. Kipara chake kidogo kikaonekana, kile anachokificha kwenye picha zote. Nilikitazama kwa raha zangu zote, sioni haya kusema.

Mutindi naye akatoa ufunguo wa kioski kwenye kifundo cha leso yake, akauweka mkononi kwa mama mbele ya wote. Mama aliupokea. Aliufunga kwenye leso yake, akafunga fundo mara mbili.

Sasa Fanuel akapiga magoti. Akaomba mama amsamehe, akasema ananipenda, akaomba mbuzi wapokelewe, mambo mengine tutaongea ndani.

Mama akawatazama wale mbuzi watatu. Walikuwa wazuri, sitasema uongo.

"Mbuzi hawana kosa," akasema. "Wakibaki hapa nitawalisha tu, hata kama hawana kazi. Lakini wewe, kijana, kwangu sina chakula chako tena."

Mjomba Muinde ndiye aliyewapandisha mbuzi kwenye pikapu. Kwetu mbuzi wakirudi, maneno yameisha. Fanuel alikaa nyuma pamoja nao mpaka Voi kwa sababu mbele shangazi zake hawakumpisha.

Mnauliza kama najuta. Kwa Fanuel? Hata chembe. Ananitumia sauti kila siku akilia, nazisikiliza nikipiga pindo, kazi inaenda vizuri. Macho Wazi ameifunga, lakini ile laivu watu walishaihifadhi, na beberu wetu sasa anapigwa picha na madereva wa malori.

Ila kuna wale waliokuja kwa kamenti zangu na makofi, ati Jembe juu, Taa ndio mbumbumbu. Nyinyi hamkutazama. Mjomba wangu pia aliwekewa punda. Siku ile kila rangi ilianguka mtihani, na hakuna mtu hapo aliyekuwa mjinga. Ukitaka kujua mtu anajua nini na kwa nini anachagua anayemchagua, muulize, halafu ufunge mdomo umsikilize mpaka mwisho. Usimkate.

Mzee Mghalu peke yake ndiye niliyempigia kumwomba radhi. Mzee alicheka, akasema faini yake atalipa siku nikiolewa na mtu mwenye akili. Halafu akaniuliza: "Lakini, binti yangu, kama kazi yake ni kutunga sheria, huyu wetu wa sasa ametunga sheria gani?"

Nilitafuta jibu, jamani. Nilitafuta kweli. Nikamwambia sijui, mzee, hata moja.

"Basi niwekee punda," akasema, akakata simu.

Jana nilikwenda Maungu. Mama yuko kwa kioski, ufunguo kiunoni, amejifunga ile ile leso ya kijani, na Bi Tryphena ameshapita mara nyingine kusalimia. Nikapanga foleni na mtungi mpaka zamu yangu ikafika, nikamuuliza polepole, Mwaitu, baada ya yote haya, kura utampa nani?

Akanitazama, akatazama mtungi wangu.

"Umejaza? Basi sogea, kuna watu nyuma yako."